Mwaka Nilioanza Kutazama Masikio ya Mbwa

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Matondoni kuhani. Bwana Shee amekufa, Mungu amrehemu, mzee wa kushikwa mkono hata kufika msikitini, na mimi mwenyewe sina tena magoti ya kupanda na kushuka chomboni, lakini nilikwenda. Tuliketi wanawake chumba cha ndani, juu ya mikeka mipya iliyokuwa bado inanuka ukindu, tukipewa kahawa na tende. Binti yake mkubwa aliponiona akawaambia wenziwe, "Huyu ndiye Bi Mwanaesha wa Kililana. Akimtazama mbwa mara moja tu, yuwakwambia sikio lipi lina kinyama." Mwanamke aliyeketi karibu na mlango akasema yeye alisikia kwamba nilikuwa nikiwasomea. Mwingine akasema si kusoma, ni uzi. Uzi wenyewe ulikuwa na dua. Wa tatu, ambaye sijapata kumwona maishani mwangu, akahakikisha kwamba sikuwahi kukosea hata siku moja. Nilishika kikombe changu nikanyamaza, kwa kuwa matanga si mahali pa kubishana, na pia, niseme kweli, kwa kuwa ilinipendeza kusifiwa. Lakini safari nzima ya kurudi Amu, mjini kwetu, nilikuwa na dhiki moyoni. Hadithi imekuwa kubwa kuliko mimi. Mimi nilikosea, na kosa langu la kwanza lilimuua mbwa mwenye akili zake timamu. Naandika ili kila jambo likae mahali pake. Kama kuna sifa, nitaitaja, maana nayo ni kweli. Na aibu nitaichukua mwenyewe.

Kusoma kwangu ni kwa chuoni tu, na hati yangu mbaya, lakini mwaka ule nilikuwa na daftari, na hadi leo ninalo, limeliwa na mchwa pembeni. Halisemi mwaka. Linasema miezi tu, Rajabu, Shaabani, na mimi siiamini sana hesabu yangu. Najua ilikuwa kidogo kabla ya vita vile vya kwanza vya Wazungu. Mume wangu Athmani alikuwa ameamua tukalime wenyewe shamba la Kililana, ng'ambo ya pili, bara. Wale waliolilima miaka yote kwa kulazimishwa walikuwa wamepata uhuru wao wakaondoka, na walikuwa na haki ya kuondoka. Sisi watu wa mjini tukabaki na jembe tusilojua kulishika. Athmani alilima wiki ya kwanza akiwa amevaa kofia yake ya kazi nzuri, mpaka jasho likaitia doa, akaivua akaitazama kama aliyefiwa. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, chumba kimoja na ukumbi, na ukuta wa kati haukufika juu, kwa hiyo kila lililosemwa ukumbini nililisikia jikoni. Asubuhi tulikula muhogo wa nazi na ng'onda, samaki mkavu, aliyechomwa; mchana mikate ya mofa, ikiwa nimewahi kuwasha moto; na mtama ulipokuwa bado haujaiva tulikuwa tukiuzungumzia jinsi watu wengine wanavyozungumzia mgeni anayekuja. Kila mtu pale Kililana alikuwa akiishi kwa kuungojea ule mtama.

Adui wa mtama na muhogo ni nguruwe, na adui wa mahindi ni ngedere na nyani, na dawa yao wote ni mbwa. Kila shamba lilikuwa na dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia, na chini ya kila dungu mbwa wawili au watatu. Mbwa wa shamba ameruhusiwa. Hilo halikuwa na ubishi. Lakini mbwa ni najisi akiwa na majimaji, na ukiguswa na mate yake huna budi kujiosha mara saba, moja kwa mchanga. Maji ya Kililana yalitoka kisimani mbali, kwa mtungi, kichwani. Kwa hiyo tulifanya kama walivyofanya wote: chakula kinarushwa kutoka kizingitini, mbwa anasukumwa kwa fimbo, na hakuna mkono unaomfika. Tulijua sauti zao, tulijua miguu yao mchangani. Nyuso zao, sasa nikifikiri, hatukuzijua. Wetu walikuwa wawili. Mkubwa, wa rangi ya kahawia, mkia umekatika, alikuwa Hodari. Mdogo, jike mweusi mwenye kifua cheupe, Athmani alimwita Waseme, kwa ajili ya jamaa zetu wa mjini waliotucheka kwenda kulima.

Kabla ya mvua kubwa Hodari akaanza kubadilika. Kwanza alitikisa kichwa, tena na tena, mpaka masikio yakapiga kama kofi. Nilidhani kupe. Kisha akawa anakwenda ameinamisha kichwa upande wa kushoto, kama mtu aliyelala vibaya. Kisha akawa hakimbii tena moja kwa moja. Akiwaona ngedere hutoka mbio, akapinda, akapinda, akajikuta amerudi alipoanzia, na ngedere wakawa wamekaa juu ya mti wanamtazama. Tulicheka, na hilo pia limo daftarini. Mwishowe mdomo ukalegea upande ule ule wa kushoto, mate yakawa yanatiririka, na jicho moja likawa halifungi. Athmani alipomrushia mkate ukampiga karibu na sikio, akalia mlio ambao sijausikia kwa mbwa, akageuka akaonyesha meno.

Jirani yetu alikuwa Bwana Shee. Alitoka Matondoni, fundi wa kuziba vyombo vya baharini aliyekuwa akilima msimu na kurudi kwao, mtu mfupi, mcheshi, mwenye kauli nzito. Ndugu yake aliumwa na mbwa wa kichaa akafa, na Bwana Shee ndiye aliyemshika mpaka mwisho. Ni lazima niliweke hili mbele, maana wengine wakisimulia humfanya kama mkatili, naye hakuwa. Alikuja ukumbini kwetu, akakataa kahawa, nikamsikia kutoka jikoni.

"Athmani, mbwa wako ana wazimu."

"Mgonjwa, Bwana Shee. Wazimu sijui."

"Mimi najua. Mate, mdomo umeanguka, yuwazunguka. Ndugu yangu nilimwonyesha kata ya mai anywe, akatetemeka kama mtoto. Wataka na wewe uone? Una mke ndani humo."

Athmani akaniita kupitia ukuta. "Mwanaesha, umesikia. Wewe ndiye unayemlisha. Wasemaje?"

Niliulizwa. Hilo nalo lisisahauliwe: sikuburutwa, niliulizwa. Na nilijibu, "Ikiwa Bwana Shee ameona, basi." Wakashauriana nani atamwita mbwa, maana hakuwa akimkaribia mtu ila aliyezoea kumpa chakula. Baada ya adhuhuri nilisimama nyuma ya nyumba na mkate wa mofa mkononi nikamwita kwa jina lake. Alikuja akipinda, kichwa upande, akikosa njia na kuirudia, akanifikia, akaketi. Bwana Shee alikuwa na mkuki. Alifanya haraka na vizuri.

Wanaume wakaenda kuoga na kusali. Kumzika tuliachiwa mimi na Bi Zaituni. Huyu alikuwa ameilima ardhi ile ile kwa kulazimishwa, enzi za wenyewe, na sasa alikuwa na kipande chake jirani, akilima kwa ajili ya tumbo lake. Aliniita jina langu tupu, bila Bi wala Mwana, na ilikuwa haki yake. Mimi nilimwita Bi, maana alinizidi umri na akili. Tulimfunga Hodari kamba ya miguu tukamvuta. Mchanga ulilipindua sikio la kushoto, likafunuka nje ndani, na Bi Zaituni akasimama.

"Mwanaesha, hebu tazama hapa."

Nilitazama. Ndani ya tundu la sikio palikuwa na kinyama kimeota, chekundu, chenye vidonda, kikubwa kama kunazi, kimejaza njia yote. Kilikuwa kinatoa uchafu mweusi uliochanganyika na damu, na harufu yake ilikuwa ile tuliyoisikia ukumbini wiki nyingi tukadhani ni panya aliyekufa makutini.

"Mbwa huyu hakuwa na wazimu," akasema Bi Zaituni. "Alikuwa na sikio."

"Ungejua?"

"Ningetazama. Punda nawatazama, kwa nini mbwa nisimtazame? Lakini hakuwa wangu, na mimi sikuulizwa."

Tukamfukia. Sikumwambia Bwana Shee wala mume wangu. Nilijiambia nawahurumia, sasa naona nilijihurumia mimi, kwa sababu aliyemwita ni mimi. Nilinyamaza miezi mitatu. Daftari la siku ile lina maneno manne tu: Hodari. Sikio la kushoto. Nimeandika "kushoto" na kulikata na kuliandika tena, kana kwamba ningeweza kukosea upande.

Uhaba wa mbwa tukauona mara. Nguruwe walipita mihogo ya mashamba matatu wakaifukua kama watu wenye majembe, na mchana ngedere walikaa juu ya ua wetu wakimenya mahindi mabichi. Waseme alikuwa mwepesi lakini mmoja. Bwana Shee alikuwa na mbwa mmoja mzee, mvivu. Ukumbini maneno yalikuwa hayo hayo kila jioni: mtama ukianza kuiva, Waseme peke yake ataweza? Athmani alikuwa akihesabu vichwa vya mtama kwa macho huku akinywa kahawa, na nilikuwa nikisikia anavyoiacha sentensi katikati.

Nami nikaanza kutazama. Kwanza kwa mbali, kwa fimbo, nikilipindua sikio la Waseme anapokula. Fimbo haioni kitu. Siku moja nikamwambia Athmani ninataka kumshika mbwa kwa mkono. Nilikuwa nimejiandaa kukemewa. Alikuwa akitengeneza mpini wa jembe, akaendelea kuutengeneza.

"Utajiosha," akasema.

"Maji ni mbali."

"Nitateka mimi." Kisha akasema neno ambalo nimelibeba maisha yangu yote, na sifa yake ni ya Athmani, si yangu: "Sheria imetwambia tujioshe. Haikutwambia tusitazame. Hilo tulijiongezea wenyewe."

Ikawa kila asubuhi, baada ya muhogo, namweka Waseme kati ya magoti yangu, nimevaa kaniki kuukuu niliyoitenga kwa kazi hiyo, nayafungua masikio yake kuelekea jua, kisha napata mtungi mzima na mchanga safi wa Athmani kwenye kifuu. Mwanzo Waseme alidhani ninataka kumla. Baadaye akawa anakuja mwenyewe. Nilijifunza sikio zima lilivyo: kavu, la rangi ya waridi lililopauka, harufu yake kama mkate ulioungua kidogo. Nilijifunza kupe, na ule uchafu wa vidudu kama unga wa kahawa, ambao huja masikio yote mawili na huondoka kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Nikawa na kiburi kidogo. Na kiburi hicho ndicho kilichonipa kosa la pili.

Kwa sababu Waseme alipoanza kuinamisha kichwa, mimi nilicheka. Athmani alikuwa akisoma Kurani ukumbini baada ya alfajiri, na Waseme akawa anaketi nje ya kizingiti kichwa upande wa kulia, na nikasema, "Mtazame, yuwasikiliza." Nilimwambia kila aliyepita. Kwa kuwa nilikuwa nimelitazama sikio na halikuwa na kitu, sikulitazama tena kwa siku kumi hivi. Palikuwa na palizi, na mtama ulikuwa umeanza kuchanua, na nilijiona nimekwisha kujua. Kisha nikamwona anatafuna ng'onda upande mmoja tu, wa kushoto, akiuinua mdomo kama mtu mwenye jino bovu. Kisha nikaona vitone vya damu kwenye ukuta wa udongo, vidogo, kimo cha mbwa, mahali alipokuwa akitikisa kichwa. Vilikuwa upande mmoja. Niliutupa ufagio nikamwita.

Nilimketisha nikalifungua sikio la kulia. Kilikuwepo. Lakini hiki hakikuwa ndani sana kama cha Hodari. Kilikuwa mlangoni, kadiri ya punje ya mahindi, na kilikuwa na shina jembamba, kama embe dogo linavyoning'inia. Nilikigusa kwa ncha ya kidole kujua kama shina lenyewe lilikuwa gumu au laini. Waseme alilia akageuka akaniuma mkono, hapa chini ya kidole gumba. Hakukusudia, aliachia mara moja akainamisha kichwa. Damu ilitoka. Nilijiosha mara saba, nikajifunga kitambaa, nikamwambia Athmani nimejikata na kisu cha muhogo. Ndiyo, nilimwongopea. Sikutaka neno "ameuma" litamkwe katika nyumba ile.

Siri hiyo haikukaa siku mbili. Bwana Shee alipita njia ya kisimani, akamwona Waseme anatikisa kichwa, mate yenye damu pembeni pa mdomo, kichwa upande. Alirudi alasiri na mkuki, na watu wawili wa mashamba ya juu. Nilikuwa jikoni nikikuna nazi.

"Athmani, na huyu pia."

"Huyu mke wangu yuwamtazama kila siku."

"Mke wako yuwatazama nini? Wazimu hautazamwi, unakimbiwa. Wa kwanza alianza hivi hivi."

Nikatoka na mbuzi ya nazi mkononi, sikukumbuka hata kuiweka chini. Si desturi yangu kuingia kati ya wanaume waliokaa, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kuliko nilivyotaka. Nikasema, "Bwana Shee, wa kwanza hakuwa na wazimu. Nilimwona sikioni wakati wa kumzika. Alikuwa na kinyama. Nilikuficha, na ni kosa langu, si lako. Wewe ulisema ulichokijua, na mimi ndiye niliyemwita."

Watu wale wawili wakatazamana. Bwana Shee akawa mwekundu. "Miezi mitatu yote hii umekaa na neno hilo?"

"Nimekaa nalo."

"Kwa hiyo nilimuua mzima."

"Alikuwa mgonjwa, asingepona. Lakini hakuwa na wazimu. Na huyu hana. Sikilizeni: mwenye wazimu huharibika mwili wote, huyu ni upande mmoja. Yuwainamisha kulia, damu kulia, hatafuni kulia, na kinyama kiko kulia, nimekiona. Na maji yuwanywa." Nikamwekea maji kwenye kata iliyovunjika, na Waseme, Mungu amlipe, akanywa mbele yao wote.

Mmoja wa wale wawili akasema, "Maneno ya jikoni."

Bwana Shee alikuwa akiutazama mkono wangu. "Kitambaa hicho cha nini?"

Ningeweza kusema kisu. Athmani alikuwa pale, na alikuwa amekwisha kuamini kisu. Nikafungua kitambaa. "Ameniuma, juzi, nilipomgusa penye maumivu. Mume wangu hakujua. Basi ikiwa ana wazimu, wa kwanza ni mimi, na kumuua leo hakuniponyi. Ikiwa hana, mtama wenu wote una mlinzi. Mfungeni kwenye mti ule, mngoje. Mwenye wazimu hafiki siku kumi. Mimi nitamlisha, asikaribie mtu mwingine."

Athmani alikaa chini juu ya kinu. Sikuweza kumtazama. Bwana Shee aliukabidhi mkuki wake kwa mtu wa pili, bila kumtazama, kama mtu anayevua kiatu, akaja akasimama karibu nami kuliko ilivyo adabu, akakitazama kidonda changu muda mrefu. Nilijua alikuwa akimwona nduguye. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Siku kumi. Na kila siku nitakuja nikuulize kama waweza kunywa maji. Usinifiche tena."

Alikuja kila siku. Alisimama nje ya ua akauliza, "Bi Mwanaesha, mai?" nami nikainua kata nikanywa, akaondoka. Siku ya nne alikuwa na papai. Siku ya sita aliuliza, nikanywa, akasema, "Polepole, usije ukapaliwa tukakuua kwa mkuki," na Athmani, ambaye hakuwa amesema nami ila ya lazima tangu siku ile, akacheka ndani ya nyumba peke yake, na nikajua nimesamehewa. Hofu nilikuwa nayo. Daftari la siku zile kumi halina kitu ila alama moja kila siku, na alama ya siku ya nane imetoboa karatasi. Miaka mingi baadaye daktari wa mifugo wa serikali, mtu mpole, alinieleza kwamba mbwa wa kichaa huweza kunywa maji vizuri tu. Anayeyaogopa ni binadamu. Kwa hiyo ile hoja yangu kubwa ya maji, iliyowanyamazisha wanaume, ilikuwa bure. Ile ya upande mmoja ndiyo iliyokuwa na uzito, akasema, na hata hiyo haitoshi peke yake. Nimeiandika hapa ili asije mtu akaitegemea kata ya maji.

Siku ya kumi na moja Waseme alikuwa hai, mwenye hasira na njaa, na kinyama kilikuwa kimeongezeka. Bi Zaituni ndiye aliyenipa dawa, na jina lake sikulisikia kabisa matangani. Alisema, "Punda akiota chunjua lenye shina, sisi hatukati. Kisu kinamwaga damu. Twafunga uzi, chunjua lakosa chakula, laanguka lenyewe." Uzi nilikuwa nao, wa pamba wa kushonea kofia, mwembamba na mgumu, nikauvuta mara tatu kwenye nta ya nyuki. Palikosekana mtu wa kukishika kichwa. Athmani alikuwa ameshika mwili na miguu. Bi Zaituni alilishika sikio. Bwana Shee alikuwa nje ya ua, amekuja kuuliza maji.

"Bwana Shee," nikamwambia, "pana kichwa hapa."

Alisimama sana. Kisha akakunja mikono ya kanzu, akaingia, akapiga magoti, akakishika kichwa cha mbwa kwa viganja vyake viwili kama anavyokishika mtu kichwa cha mtoto anayenyolewa. Jasho lilikuwa likimdondoka puani. "Bismillahi," akasema, "fanya upesi, mwanamke." Nilipitisha kitanzi, kikateleza. Nikapitisha tena, nikakishusha mpaka chini ya shina, nikakaza. Waseme alipiga yowe moja, akanyamaza. Nilikaza tena kila siku ya pili, na kila mara Bwana Shee alikuja kushika kichwa, na kila mara walioga yeye na Athmani kwenye mtungi mmoja wakibishana hesabu.

"Hiyo ni ya sita."

"Ya saba. Ile ya mchanga umeisahau."

"Ya mchanga niliihesabu ya kwanza."

"Basi oga zote upya, utaumwa na nini?"

Kinyama kikawa cheusi, kikakauka, na asubuhi moja nikakikuta mchangani chini ya mti, kitu kidogo kisicho na maana, kama zabibu. Shimo lake lilikuwa safi. Nilikaa pale chini na Waseme nikalia, kisha nikaenda kuwasha moto wa mofa.

Mtama uliiva. Waseme aliwakimbiza nguruwe mbio zilizonyooka, na ngedere wakahamia kwa watu wengine. Shamba letu halikuguswa, na la Bwana Shee, na la Bi Zaituni, ambaye alivuna kwa mara ya kwanza mtama wa kwake mwenyewe ukiwa mzima na akatuletea sinia ya vitumbua bila kusema ni vya nini. Tangu hapo watu wakawa wanakuja. Walikuwa wakiwafunga mbwa wao kamba wakawaleta mpaka uani, wakakaa mbali, wakaniita. Ninaona fahari kulisema, na sijui kama ni vyema kuona fahari hivyo, lakini nimeshakuwa mzee, na ni kweli: walikuja. Niliwaambia watazame kichwa kinainama upande gani, wanuse, waone kama damu ni ya sikio moja au mawili, kama mbwa anatafuna pande zote mbili, kama mdomo au jicho limelegea na limelegea upande gani, na wafungue sikio juani kila wiki kabla hayo yote hayajatokea. Mara mbili nilikosea. Mmoja nilimfunga uzi, kumbe lilikuwa jipu. Mwingine nilisema ni kupe, na kinyama kilikuwa chini kabisa, mahali uzi haufiki, na akafa, kwa polepole, nyumbani kwa mwenyewe, bila mkuki. Waseme aliishi miaka sita baadaye.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa mwisho wa mavuno. Nilikuwa nikipepeta, na Bwana Shee akaingia bila hodi akimvuta kwa kamba yule mbwa wake mzee, mvivu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwita ila kwa kumtupia kijiti. Alimketisha mbele yangu. Hakuwa na salamu.

"Sikio la kushoto," akasema. "Halinuki bado. Yuwatikisa kitwa, si sana, asubuhi tu. Yuwatafuna pande zote. Mdomo mzima, jicho zima. La kulia nimelitazama, ni safi. Kushoto, kwa ndani, upande wa nyuma, pana kitu."

Niliweka ungo chini. Nilimwuliza alikitazama lini. Akasema amekuwa akiyatazama tangu siku ile ya uzi, kila Ijumaa kabla ya kuoga. Nikalifungua sikio nikaligeuza juani, nikaangalia, sikuona kitu. Nikaangalia tena. Bwana Shee akasogeza kidole chake kizito cha fundi akauvuta ukingo wa sikio nyuma kidogo, taratibu, bila kumwumiza mbwa, na pale kwenye mkunjo nikakiona, kidogo kuliko punje ya mtama, cha rangi ya ngozi yenyewe. Mimi ningekipita bila kukiona.